Huduma za kiyoyozi kwa nyumba za jangwani: ipi inastahili hela yako

Huduma ya kiyoyozi cha nyumbani huuzwa kwa sura tatu. Kuna usafi wa haraka: fundi anapuliza filta, anamwagia maji mashine ya nje, na ndani ya dakika 20 ameshakunja vifaa vyake. Kuna mkataba wa mwaka, wenye ziara mbili hadi nne na ahadi ya kuja ukipiga simu. Na kuna kutokuwa na mpango wowote, fundi anaitwa mashine ikizima. Penye hali ya hewa ya wastani unaweza kuishi na yoyote kati ya hizi. Jangwani, ambako alasiri ya kiangazi hugonga nyuzi 45 hadi 50 na vumbi halikatiki, chaguo hilo ndilo huamua kama kompresa, pampu inayosukuma gesi ndani ya mashine, itazeeka au itaungua ingali mpya.

Hukumu yangu ni hii. Mkataba wa mwaka unaolipia kazi tu, bila vipuri, wenye ziara mbili na karatasi ya vipimo, ndio unaorudisha hela yake. Naupa alama 4 kati ya 5. Usafi wa haraka naupa 1, kwa sababu unaonekana wa bei nafuu huku ukiacha uchafu palepale unapoumiza. Kumwita fundi wakati wa dharura si kosa, ila utamwita katika wiki ile ambayo kila nyumba inamwita, na hapo hutachagua fundi wala bei.

Mashine ya nje ndiyo inayobeba mzigo

Uwezo wa kiyoyozi hupimwa kiwandani hewa ya nje ikiwa nyuzi 35. Kipimo hiki huitwa T1. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya maeneo ya joto kali hupimwa pia kwa nyuzi 46, kipimo cha T3. Lebo ikiwa na namba zote mbili, ya T3 ndiyo inayokuhusu, nayo huwa ndogo zaidi. Mtu anayelalamika kwamba mashine yake ya BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) "haina nguvu" saa tisa alasiri mara nyingi anailinganisha na namba ya T1.

Kazi ya mashine ya nje ni kutupa joto la chumbani kwenye hewa ya nje, na joto haliwezi kutoka mpaka koili (mabomba ya gesi yenye mapezi, yaani vibati vyembamba vya kutupia joto) iwe moto kuliko hewa inayoizunguka. Hewa ikiwa nyuzi 46, gesi iliyomo kwenye koili safi hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 58 hadi 60 hivi. Kwa R-410A, mojawapo ya gesi za viyoyozi, nyuzi 60 maana yake ni presha ya karibu bar 38. Kwenye nyuzi 45 ingekuwa karibu bar 27. Gesi hiyo ikifika nyuzi 71 au 72 haigeuki kimiminika tena hata uibane vipi, na swichi ya usalama huwa imeshakata kabla ya hapo. Kwa hiyo kati ya siku ya kawaida ya kiangazi na mashine kushindwa kabisa kuna nafasi ya nyuzi kumi na kitu. Vumbi lililojaa kwenye mapezi ya koili ndilo linaloila nafasi hiyo.

Ndiyo maana namna ya kuosha mashine ya nje ni kitu cha kwanza cha kupimia huduma yoyote. Anayemwaga maji kwa nje bila kufungua kifuniko anausukuma uchafu uingie ndani zaidi. Vumbi huvutwa na feni kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo hutolewa kwa kusukumwa kutoka ndani kwenda nje, kinyume cha njia liliyoingilia.

Kazi yenyewe ikifanywa sawasawa inakwenda hivi. Umeme unazimwa kwenye breka. Rimoti haitoshi, maana boksi la mashine ya nje hubaki na umeme. Kisha mnasubiri. Kwenye mashine ya inveta, ile inayobadilisha mwendo wa kompresa, kapasita kubwa za bodi, vipuri vinavyohifadhi umeme, hubaki na volti 300 na zaidi kwa dakika kadhaa baada ya kuzima, na kitabu cha mashine husema dakika ngapi za kusubiri kabla ya kufungua boksi. Kifuniko cha juu na wavu wa feni vinatolewa. Boksi la umeme na mota ya feni vinafunikwa kwa nailoni na kubanwa. Halafu, kabla ya tone lolote la maji, vumbi kavu linatolewa kwa brashi laini inayofuata mapezi toka juu kwenda chini, au kwa blowa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo muhimu zaidi jangwani: vumbi laini likiloweshwa kabla ya kutolewa linakuwa tope katikati ya mapezi, na tope likikauka kwenye koili yenye nyuzi 60 linashika kama udongo wa tanuri.

Baada ya hapo ndipo maji yanaingia, kwa mpira wa kawaida na presha ndogo, toka ndani kwenda nje, juu kwenda chini, maji yakielekezwa moja kwa moja kwenye mapezi na si kwa upande. Mapezi ni alumini yenye unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo mashine ya kuoshea magari huyalaza kwa sekunde chache, na pezi lililolala linazuia hewa kuliko vumbi lenyewe. Yaliyolala kidogo hunyooshwa kwa kitana cha mapezi. Sabuni isiyo na asidi wala magadi hutumika penye mafuta tu, mathalani mashine iliyo karibu na bomba la moshi wa jikoni. Fundi akija na dawa inayotoa povu jeupe na moshi ukigusa koili, mzuie: hiyo inakula alumini, na mng'ao unaouona ni alumini inayoondoka.

Koili zenye safu mbili zina siri yake. Uchafu hukaa kati ya safu ya kwanza na ya pili, mahali ambapo jicho halifiki. Ukimulika tochi kutoka ndani na mwanga usionekane upande wa pili, koili bado ni chafu hata kama nje inameta. Kwenye mashine hizo safu hufunguliwa skrubu za pembeni na kutenganishwa kwa sentimita chache ili maji yapite katikati. Ni kazi ya ziada, na ni halali fundi kuitoza.

Uthibitisho ni ampea, yaani kiasi cha umeme unaovutwa. Kabla ya kuosha, fundi afunge mita ya klampu kwenye waya wa kompresa na aandike anachoona pamoja na joto la nje. Baada ya kuosha, mashine ikishatembea dakika 15, apime tena. Kwenye mashine ya kawaida isiyo ya inveta, iliyokuwa chafu kweli, ampea hushuka waziwazi. Fundi asiyekuwa na mita hiyo mkononi ameuza maji.

Mashine moja ya ukutani, ndani na nje, huchukua saa moja na nusu hadi mbili kuosha hivi. Mtu akikuahidi mashine sita asubuhi moja akiwa peke yake, umeshajua atakachofanya.

Kapasita, kipuri kidogo kinachoua kompresa

Ukiambiwa kompresa imekufa, swali la kwanza ni: kapasita inasoma ngapi? Kapasita ni mkebe mdogo unaoisaidia kompresa na feni kuanza na kuzunguka. Ni kati ya vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye mashine nzima, na kuibadilisha hakuchukui nusu saa. Kompresa, pamoja na gesi na kazi yake, inaweza kukaribia bei ya mashine mpya.

Joto ndilo adui wake. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata maisha ya kapasita karibu nusu. Boksi la bati lililopigwa na jua la jangwani, na koili ya nyuzi 60 pembeni yake, ni mahali pabaya pa kuiweka, lakini ndipo ilipo. Kwa hiyo ipimwe kila mwaka kabla ya kiangazi, bila kusubiri dalili.

Kupima ni rahisi. Umeme umezimwa, kapasita imeondolewa chaji, waya zimechomolewa, multimita inawekwa kwenye maikrofaradi. Ubavuni imeandikwa, tuseme, 35 na 5: ya kwanza ya kompresa, ya pili ya feni. Nyingi huruhusu tofauti ya asilimia 5 au 6, kwa hiyo ya 35 ikisoma 34 ni nzima, ikisoma 32 ibadilishwe, na ikisoma 28 kompresa imekuwa ikiteseka kwa muda. Kichwa chake kikiwa kimevimba, hata usiipime. Mpya iwe na maikrofaradi zilezile. Volti zake zinaweza kuwa juu ya ile ya zamani, kamwe zisiwe chini. Kwa jangwa chukua ya volti 440 au 450, na soma kiwango cha joto: iliyoandikwa 85 itavumilia kuliko ya 70.

Dalili zake zinafahamika. Mashine ya nje inaunguruma sekunde chache, inatoa "klik", inanyamaza, kisha inajaribu tena baada ya dakika kadhaa. Kila jaribio linavuta umeme mara nyingi zaidi ya ule wa kawaida kupitia koili za mota zilizosimama, na joto hilo ndilo linalochoma kompresa. Ukisikia mlio huo, zima breka usingoje. Kuiacha ijaribu usiku kucha ni kugeuza bili ndogo kuwa kubwa.

Kwenye boksi hilohilo kuna kontakta, swichi inayowasha na kuzima kompresa, na huduma nzuri huiangalia kwa wakati mmoja. Sehemu zake za kugusana huliwa na cheche, na mara nyingine vumbi na sisimizi huingia katikati. Ncha za waya hulegea kwa kupata joto na kupoa kila siku. Ncha iliyolegea huonekana kwa plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia. Kukaza skrubu nne kwa bisibisi hakuna gharama yoyote, na kumezuia breka nyingi kuungua.

Gesi: mstari wa bili unaopaswa kuutilia shaka

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka yote. Ikipungua, imevuja, na palipovuja panaweza kutafutwa. Huduma inayoandika "kuongeza gesi" kila kiangazi inakuuzia tatizo lilelile kila mwaka.

Jangwani kosa hili lina madhara zaidi. Mashine yenye koili chafu hupoza vibaya alasiri, na mwenye nyumba anahisi gesi imepungua. Fundi anaunga geji za presha, anaongeza gramu mia mbili, upepo unaonekana kupata nafuu jioni, kila mtu anaridhika. Kesho yake saa nane mchana presha iliyokuwa juu tayari inapanda zaidi, kwa sababu sasa kuna gesi ya ziada ndani ya koili ileile isiyopumua. Ovalodi, swichi ya kulinda kompresa, inakata. Ukisikia mashine inayopoza vizuri asubuhi na usiku, inayozima alasiri na kurudi jua likizama, fikiria kwanza koili chafu, feni inayozunguka polepole, kapasita dhaifu au umeme wenye volti ndogo. Upungufu wa gesi hauna saa ya kuanza. Unaonekana hata alfajiri.

Dalili za gesi iliyovuja kweli ni barafu kwenye bomba jembamba la shaba au upande mmoja wa koili ya ndani, na alama ya mafuta kwenye nati za kuunganishia. Mafuta husafiri na gesi, hivyo palipo na doa lenye vumbi lililogandana ndipo pa kuanzia na povu la sabuni. Sehemu kubwa ya uvujaji wa mashine za ukutani huwa kwenye nati hizo, zilizokazwa kwa kukisia. Bomba la robo inchi linataka toki (nguvu ya kukaza) ya Nm 14 hadi 18, la inchi tatu kwa nane Nm 34 hadi 42, la nusu inchi Nm 49 hadi 61. Ikizidi, mdomo wa shaba hupasuka. Ikipungua, mtikisiko huufungua.

Matengenezo halali ya gesi yana mpangilio usioweza kufupishwa. Gesi iliyobaki inavutwa na kuhifadhiwa kwenye mtungi, si kuachiwa hewani. Palipovuja panarekebishwa. Nitrojeni inajazwa ili kupima. Ni nitrojeni tu, kamwe si oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya presha hulipuka. Pampu ya vakyumu inafyonza hewa yote mpaka maikroni 500 (kipimo cha presha iliyobaki) au chini, kisha inafungwa na mita inaangaliwa dakika 10 hadi 15 kama namba inapanda. Ndipo gesi inapimwa kwa mzani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye bati la mashine, pamoja na nyongeza ya kila mita ya bomba inayozidi urefu uliotajwa kwenye kitabu. R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu, R-32 na R-125, kwa hiyo hutiwa ikiwa kimiminika ili mchanganyiko usiharibike. R-32 ni gesi moja na haina tatizo hilo, ila inashika moto kwa kiasi, kwa hiyo hakuna moto wa kuchomelea bomba likiwa bado na gesi.

Mashine ya BTU 18,000 hubeba karibu kilo moja ya gesi. Ukiona bili ya gesi ni kubwa, sehemu kubwa inapaswa kuwa muda, saa tatu hivi, na vifaa. Kulipa bili hiyo kamili mara moja ni afadhali kuliko kulipa nusu yake kila mwaka. Fundi anayekisia kwa geji peke yake, akitafuta namba aliyozoea, atakosea siku ya nyuzi 48, kwa sababu presha zote mbili, ya upande wa juu na ya upande wa chini, hupanda na joto la nje.

Kuna jambo jingine ambalo huduma za mkataba hulifanya kwa nia njema na halifai: kuunga geji kila ziara "kuhakikisha". Kila kuunga kunapoteza gesi kidogo na kunachokoza valvu ndogo ya kujazia, ambayo nayo huanza kuvuja. Kama tofauti ya joto ndani na ampea nje viko sawa, geji zibaki kwenye boksi.

Mwenye mashine ya R-22, gesi ya zamani, ana hesabu yake. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zilizoendelea zilifunga uzalishaji wa gesi hiyo kwa matumizi haya mwaka 2020 na nchi zinazoendelea zinafunga 2030, kwa hiyo upatikanaji unazidi kubana. Huwezi kutia R-410A humo, presha yake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya R-22. Na anayekushauri kutia propani kwenye mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake anakuwekea hatari ya moto chumbani.

Ndani ya nyumba

Filta ya mashine ya ukutani oshea mwenyewe, usimlipe mtu. Msimu wa vumbi kila wiki mbili, miezi mingine kila mwezi, na mara tu dhoruba ya mchanga ikipita. Pitisha maji kutoka upande safi ili vumbi litokee lilikoingilia, tumia maji yasiyozidi nyuzi 40, anika kivulini kwa sababu fremu ya plastiki hupinda juani. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kubadilisha filta iliyoziba kwa safi hupunguza umeme wa kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Wenye mfumo wa mabomba ya hewa darini wasishawishike kuweka filta nzito ya MERV 13 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa vumbi) kwenye nafasi ya inchi moja. Hewa inapungua, koili inaganda, na kimiminika kinarudi kwenye kompresa. MERV 8 inayobadilishwa kila mwezi inatosha. Inayozidi hapo inahitaji nafasi ya inchi nne.

Koili ya ndani na feni yake ya mviringo zioshwe mara moja kwa mwaka, kwa mfuko wa kukingia maji na mpira. Hapa pana jambo la jangwani ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Dawa za povu zinazoandikwa "hazihitaji kusuuzwa" hutegemea maji yanayotiririka kwenye koili yenyewe ili yazisuuze. Hewa kavu haitoi maji ya kutosha, kwa hiyo dawa inabaki, inanata, na kukamata vumbi zaidi. Jangwani kila dawa isuuzwe.

Bomba la kutoa maji linadanganya kwa sababu hiyohiyo. Miezi yote ya ukavu halitoi kitu, vumbi linakauka ndani yake, kisha siku za unyevunyevu zikija maji yanamwagika ukutani. Mimina lita moja ya maji polepole kwenye trei kabla ya msimu na utazame nje kama inatoka. Bomba liwe na mteremko wa angalau sentimita moja kwa kila mita.

Kipimo cha mwisho ndani: themomita kwenye hewa inayoingia na nyingine kwenye inayotoka, baada ya dakika 15 feni ikiwa juu. Kwenye hewa kavu tofauti ya nyuzi 10 hadi 13 ni nzuri. Chini ya 8 kuna tatizo. Juu ya 14 mara nyingi hewa haipiti vya kutosha, rudi kwenye filta.

Hesabu ya umeme

Gharama kubwa ya kiyoyozi jangwani haipo kwenye bili ya fundi. Mashine ya BTU 18,000 inayovuta kilowati 1.7, ikitembea saa 14 kwa siku kwa siku 150, inakula kilowati-saa 3,570. Uchafu ukiongeza asilimia 10 tu, ni kilowati-saa 357 zilizopotea kwenye mashine moja kwa msimu mmoja. Zidisha kwa bei ya umeme unayolipa, kisha weka pembeni yake bei ya kuosha mara mbili. Panapouzwa umeme kwa madaraja, zile 357 huwa kwenye daraja la juu kabisa, kwa hiyo tumia bei ya daraja hilo na si ya wastani. Mahali umeme una ruzuku kubwa hesabu hii peke yake inaweza isilipe. Huko kinachotetea usafi ni maisha ya kompresa.

Kusoma mkataba

Ziara mbili ndizo zinazofaa: moja wiki chache kabla ya joto kuanza, nyingine katikati ya msimu au baada ya dhoruba kubwa. Ya tatu na ya nne mara nyingi ni kupuliza filta unazoweza kuosha mwenyewe. Mkataba useme waziwazi kwamba kifuniko cha mashine ya nje kitafunguliwa, kapasita itapimwa kwa maikrofaradi, na karatasi itaachwa yenye tarehe, joto la nje, volti, ampea, kapasita, na joto la hewa kuingia na kutoka. Karatasi za miaka miwili zikiwekwa pamoja zinaonyesha kapasita inayoshuka kabla haijafa.

Gawa bei ya mkataba kwa idadi ya mashine, kisha kwa idadi ya ziara. Ukipata zaidi ya mara moja na nusu ya bei ya kuosha mashine moja bila mkataba, ile nyongeza unalipia ahadi ya kuja haraka, kwa hiyo ahadi hiyo iwe na saa zilizoandikwa na iwe inafanya kazi katikati ya kiangazi. Mkataba unaojumuisha vipuri hauna maana mashine ikiwa ndani ya dhamana, na kwa mashine iliyozeeka soma vighairi: kompresa, gesi na bodi za inveta ndivyo huondolewa kwanza, na ndivyo vya bei.

Vinyongeza vinavyouzwa pamoja na ziara ni vya kuchagua kwa uangalifu. Kinga ya volti yenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika tatu hadi tano, nunua, hasa kwa inveta. Sponji mpya ya mabomba yenye kifuniko cha kukinga jua, nunua, kwa sababu ile nyeusi iliyo wazi hupasuka na kupukutika. Kivuli juu ya mashine ya nje husaidia kama kiko wazi pande zote na hakirudishi hewa ya moto kwenye koili. Mfumo wa kunyunyizia maji kwenye koili acha: maji ya chumvi hujenga ukoko ambao hakuna brashi inayoutoa. Kifaa cha kuchomeka ukutani kinachodai kupunguza bili ya nyumba hakipunguzi kilowati-saa zinazohesabiwa.

Kwa wenye inveta, ongeza mstari mmoja kwenye mkataba: mapezi ya kupozea bodi yaliyo nyuma ya boksi la umeme yapulizwe kila ziara. Yakijaa vumbi, bodi inajilinda kwa kupunguza mwendo wa kompresa, chumba hakipoi, na mtu anaitwa kuongeza gesi. Na ikitokea kompresa imeungua kweli, kabla ya kukubali mpya hakikisha bei inajumuisha kusafisha mabomba kwa nitrojeni na kikausha-gesi kipya. Asidi ya kompresa iliyoungua hubaki kwenye mafuta ndani ya mabomba, na ile mpya ikiwekwa bila hayo itaungua kwa sababu hiyohiyo.